Mguu wa Kulia na Bendi ya Binti Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimedanganya tena. Safari hii kwa sababu nzuri.

Binti yangu amepita karakanani leo, mara ya kwanza tangu mama yake anifukuze. Hakuketi. Alitaka mbao chakavu za kutengenezea jukwaa. Ana bendi ya panki, yaani muziki wa mbio na makelele, wimbo mmoja dakika mbili. Jumamosi wanapiga mara ya mwisho, Jumapili anahamia mbali kikazi. Na mpiga ngoma wao, kijana mwembamba wanayemwita Sindano, amevunjika mkono! Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba enzi zangu nilikuwa hatari kwenye ngoma. Mimi, ambaye sijawahi kupiga hata debe. Aliitazama mikono yangu, kisha akasema basi nije kesho.

Siku tano na mwanangu. Baada ya hapo nabaki na majeneza ninayotengeneza.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu wangu ni huyo huyo Sindano. Mkono kwenye plasta, kiburi tele. Mguu wa kulia ukanyage kanyagio la ngoma kubwa, mkono wa kushoto ujibu kwenye ngoma ndogo, mkono wa kulia ugonge toazi bila kupumzika. Du-ka-du-ka-du-ka. Anataka nianze polepole mpaka mwili uzoee, ndipo niongeze kasi. Polepole! Fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini na sita! Nikamwambia mimi huanzia kwenye kasi. Dakika moja tu, mguu ukafa ganzi. Binti yangu alikuwa anaangalia dari.

Mchana nikafanya mazoezi juu ya jeneza jipya. Mfuniko una sauti tamu kweli. Sikumwona mjane aliyesimama mlangoni. Amekwenda kununua jeneza la mumewe kwa yule fundi mshenzi wa ng'ambo ya barabara.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu mpya: kama mimi siwezi kuufikia wimbo, wimbo unifikie mimi. Nikamvuta mpiga gitaa pembeni, nikamnong'oneza kwamba tupunguze mwendo, mashabiki wanalalamika hawasikii maneno. Nikaongeza kwamba Sindano mwenyewe ndiye aliyeniambia. Akaenda moja kwa moja kumuuliza Sindano! Watu wengine hawana kifua kabisa.

Binti yangu akanijia. Kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema, "Baba, ule wimbo una hasira. Tukiupunguza utakuwa wa kubembelezea mtoto." Akauliza kama nimewahi kusikiliza maneno yake. Nikasema bila shaka. Akauliza yanahusu nini. Nikasema hasira.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nimekula peke yangu, nimesimama, maana kiti changu pekee kina gundi mbichi. Kuna siku naona hata msumeno umenichoka.

Lakini akili bado ipo! Shida si mguu kushuka, shida ni mguu kupanda. Nimekata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Ncha moja nimeifunga kwenye kiatu, nyingine juu kwenye chuma kinachoshikilia toazi. Nikikanyaga, mpira unauvuta mguu juu wenyewe. Du-ka-du-ka! Polepole ni ya wajinga.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeweza. Nyimbo nne mfululizo! Mpira nimeufunika kwa kitambaa cheusi. Sindano alichuchumaa kuukodolea macho mguu wangu. Wivu huo.

Binti yangu alikuwa akicheka na wenzake, kisha akanigeukia, kicheko kikiwa bado usoni. Sikumbuki mara ya mwisho aliponitazama hivyo. Nilijifanya nakaza skrubu.

Jumamosi, 8 Machi

Siandiki mengi. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri kwa muda wa kupiga chafya. Kisha mguu ukakanyaga kwa furaha kupita kiasi, mpira ukavuta, chuma kikaja na toazi lake, vyote vikamwangukia mpiga gitaa. Kiatu kiliruka hadi kwa watazamaji. Mtu alikirudisha, akapigiwa makofi.

Sindano akapanda, akanisogeza kando kwa kiuno chake, akapiga kwa mkono mmoja na mguu mmoja. Watu wakapagawa. Binti yangu aliimba hadi mwisho bila kugeuka nyuma. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia natafuta soksi.

Jumapili, 9 Machi

Alipita kuniaga, begi begani. Nilishaandaa maelezo: sakafu, unyevu, hujuma za Sindano. Akaninyamazisha kwa kunishika mkono. Akasema alijua tangu Jumatatu kwamba sijui kupiga. Alinikubali kwa sababu alifikiri nikikaa kwenye mazoezi siku tano, angalau wimbo mmoja nitausikia. Akanitumia nyimbo zao zote kwenye simu. Akasema, "Sikiliza tu, baba. Halafu unipigie." Nililia baada ya kufunga mlango.

Nimeanza na ule wa hasira. Nimeurudia mara kumi na moja, nikihesabu mapigo ya ngoma kwa penseli juu ya ubao. Sindano anakosea mara mbili! Katikati kuna mahali binti yangu anaita baba, nadhani, sauti inakatika kidogo. Lakini hapo ndipo mapigo ya mguu yanapobadilika, huwezi kufuata vyote viwili. Maneno nitayasikiliza nikishaiweza hiyo ngoma.