Kitenzi cha Kumposea Saliha

Jumatatu, 6 Oktoba

Imepangwa! Jumapili hii, baada ya alasiri, napeleka posa kwa akina Saliha. Mshenga ni mjomba Sijaona. Saliha mwenyewe ananitaka, hilo nalijua, kaniambia kupitia binamu yake Assia. Lakini baba yake ni marehemu, na mwenye kauli ni baba yake mkubwa, mzee Anouar, aliyeutoka mtaa wetu wa Buyenzi na yuko Kanada tangu miaka ya tisini. Atafuatilia kwa video. Akikubali, nimeoa. Akikataa, basi.

Nimewaza huku natengeneza simu ya mteja. Miaka thelathini Kanada! Kiswahili si kimeshamwishia? Mjomba atazunguka tu: mvua, afya, majirani, mvua tena. Mzee atachoka atakata simu. Dawa ni sentensi moja ya Kiingereza, nzito, ya kuonyesha kwamba namtaka Saliha na sibabaiki. Kilichobaki ni kitenzi. Nimevunja kioo cha mteja.

Jumanne, 7 Oktoba

Kamusi ninayo ndani ya simu. Vitenzi vya kusema jambo kwa mkazo ni vingi mno! Waingereza wanagombana kiasi gani? "State": nasikia kituo cha polisi. "Declare": hicho cha forodha kule mpakani Gatumba, na vitenge vyako juu ya meza. "Claim": kamusi inasema ni kudai jambo ambalo huenda huna ushahidi wake. Ushahidi ninao! Ila siwezi kuutoa mbele ya wazee. "Affirm" nimekipenda, kinafanana na Kifaransa, lakini kimekaa kama cha kugongewa muhuri kwenye ofisi ya komini. "Swear": mama kanisikia nikifanya mazoezi, akauliza maana yake. Nikamwambia ni kuapa. Akauliza nimeiba nini.

Sikula mchana. Sikula jioni.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda kwa Karimu muuza vipuri. Alikaa Kampala, Kiingereza kinamtoka kama maji. Simwamini. Ameonekana mara mbili wiki hii akinunua vitumbua kwa akina Saliha, ambako mama mtu hukaanga vya kuuza. Ana mke, ndiyo, lakini dini inaruhusu wanne.

Nikasema namuulizia mteja. Kipi kizito, "assert" au "insist"? Akauliza mteja anataka nini. Nikasema kuna kitu anaomba kwa wakubwa. Karimu akacheka: "Kama anaomba, aseme tu please. Ao anyamaze, atume mutu."

Please! Anataka niingie pale kama mnyonge. Nimemjua. Ikiwa Karimu anaiogopa "insist", basi ndiyo hiyo hiyo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya swala, mazoezi na mjomba. Nimemfundisha kusema "we insist". Akataka kwanza kujua maana. Nikaeleza: ni kusema jambo na kulishikilia hata wenzako wakikataa. Akakoroga chai ambayo haina sukari. Kisha: "Mwanangu, mu posa hatushikilie kitu. Tunaomba. Wakitunyima, tunarudia tena kuomba."

Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nimekwisha. Huyu mzee ataniozesha upepo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimepata njia! Mposaji hahudhurii posa yake mwenyewe, anabaki nyumbani akitafuna kucha. Lakini fundi wa simu huingia popote. Nimemwambia Assia kwamba simu ya nyumbani kwa akina Saliha itakatika katikati ya mazungumzo, mtandao mbaya, inahitaji mtu wa kuisimamia. Akauliza imeanza lini ugonjwa huo. Nikasema jana. Amebishana, amecheka, amekubali. Masharti: nikae nyuma ya simu, nisionekane, nisikohoe. Nimeahidi yote.

Jumapili, 12 Oktoba

Wallahi, naandika yote kama yalivyokuwa.

Sebule imejaa. Mzee Anouar akatokea kwenye kioo, kanzu nyeupe, kofia ya kufuma. Mjomba akaanza. Mvua. Afya. Kisha marehemu baba yake Saliha, jinsi alivyokuwa akicheka mpaka mtaa wa pili unasikia. Kisha nani alihama, nani alizikwa. Nilihisi kila dakika kwenye mbavu. Mzee akainamisha kichwa, akafunika macho kwa kiganja. Nikajua amelala! Na hapo hapo mjomba ndiyo kwanza anafika kwenye shida yetu, sauti ya chini kabisa, kwamba tunaomba, "mukipenda".

Mukipenda! Sikuvumilia. Nikaigeuza simu, uso wangu ukajaa kioo kizima, nikapaza sauti: "Sir, we insist!"

Bi Khadidja, mama yake Saliha, alikuwa na kikombe cha kahawa karibu na mdomo, kikabaki hapo hapo.

Mzee hakuwa amelala. Alikuwa analia. Akajifuta, akauliza mimi ni nani. Nikasema fundi wa simu. Akauliza fundi wa simu anaoa nani hapa.

Kisha akasema, polepole: "We kijana, mi nimeamuka mapema, nimevaa kanzu, nisikie Kiswahili cha Buyenzi. Kizungu nakisikia kila siku, ata mu basi. Uyu mzee alikuwa amenifikisha kwetu. We umenitoa." Akawaambia wazee kwamba anayekuja kwenye posa yake mwenyewe, tena kwa amri, hajui anachokiomba. Posa isimame.

Nyuma ya pazia mtu alikuwa analia. Saliha. Nimeumia kuliko ninavyoweza kuandika.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikufungua duka. Mama anazungumza na sufuria, na mimi hapana. Karimu kaja kunipa pole. Vitumbua ni vya mkewe, mjamzito, hataki kula kingine. Amesema hivyo bila kuulizwa. Inatia shaka.

Jumanne, 14 Oktoba

Alhamdulillahi! Mjomba Sijaona alimpigia mzee peke yake. Wameongea asubuhi nzima habari za Buyenzi ya zamani, na mzee amelainika. Posa inarudiwa Jumapili! Sharti ni moja: mzee asinione wala asisikie sauti yangu mpaka siku ya ndoa. Assia kaleta na neno la Saliha: "Mwambie anyamaze. Akinipenda, anyamaze tu."

Nimelia. Sasa nimeelewa kila kitu.

Kosa lilikuwa kitenzi. "Insist" kina ukali, kinamsukuma mtu kifuani. Nimerudi kwenye kamusi nikakuta "maintain": kushikilia jambo kwa utulivu, bila kelele. Neno la mtu mzima! Na mzee Anouar ana haki ya kujua kwamba sharti lake nimelikubali kwa moyo wote. Namba yake niliihifadhi Jumapili, kwa dharura. Nimemrekodia ujumbe wa sauti, mfupi, dakika nne tu, heshima tupu, Kiingereza kitupu, kwamba ninashikilia, na nitaendelea kushikilia, kunyamaza.

Nimetuma. Tiki mbili. Zimegeuka buluu.

Mzee anaandika. Kaacha. Anaandika tena. Lazima kitenzi kimempendeza.