Risasi Ipi Itafaa Bega la Baba Mkwe?

Elias Mayala, Fundi Mizani,
Pasiansi, Mwanza.
20 Januari 1997

Mzee Masalu,
Magu.

Mheshimiwa Baba Mkwe,

Shikamoo.

YAH: UTEUZI WA RISASI MOJA ITAKAYOFAA SWALA, TOHE NA BEGA LAKO

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza. Lakini nimeishi vya kutosha kujua kwamba mambo yanayojieleza ndiyo yanayofikishwa barazani, kwa hiyo nitaeleza.

Baba, hii ni wiki ya nne mke wangu Evelina yuko kwako. Alikuja kula Krismasi akiwa amebeba bega la swala, akabaki kama dhamana ya bega hilo. Mimi huku Pasiansi najipikia. Nimejifunza kupika dagaa, ila dagaa hawajajifunza kupikwa na mimi. Jirani yetu Tereza akipita dirishani huvuta hewa, kisha husema, "Shemeji, leo unaunguza nini?" Haulizi ninapika nini. Ndiyo maana naandika kwa heshima, lakini pia kwa haraka.

Desturi ya nyumba yako naijua na sikuipinga. Mkwe akiua mnyama wa kwanza wa msimu, bega la kulia pamoja na mkono wake ni la baba mkwe, tena zima, halijachanika wala kutoboka. Nilikubali kwa sababu nilikuwa naoa, na mtu anayeoa hukubali hata yale ambayo hayajasomwa. Ila tukumbuke kwamba desturi hiyo iliwekwa na mababu waliowinda kwa mashimo na mitego ya kamba. Kamba haiachi tundu. Sisi watoto wenu tunatumia baruti.

Na baruti yenyewe imekuwa mtihani. Zamani duka lilikuwa moja, la umma, na risasi ilikuwa aina moja, siku zilipokuwepo. Mtu akikosa swala alilaumu macho yake, akarudi nyumbani akala mlenda kwa amani. Tangu biashara iwe huria, dukani mjini kuna 243, 270, 303, 30-06, 375, na nyingine ambazo muuzaji mwenyewe huzitaja kwa kunong'ona. Kila moja ina wafuasi wake, na wafuasi wa moja huwaona wa nyingine wamepotea njia. Ni kama mizani ya pamba: waliporuhusiwa wanunuzi binafsi, kila mmoja alikuja na wake, na kila mzani ukaja na ukweli wake. Hilo nalisema kama fundi. Siku hizi mtu hakosi swala, anakosea kuchagua.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Msimu wa 1993. Nilitumia 303 niliyorithi kwa marehemu baba, bunduki kongwe lakini yenye adabu. Swala alisimama akinionyesha ubavu wa kushoto, ambao ndio niliokuwa nautaka, kwa kuwa wa kulia ni wako. Nikampiga kushoto. Risasi ile, ambayo ni ngumu mwili mzima, haikujua mipaka: iliingia kushoto ikatokea kulia, katikati kabisa ya bega lako. Ulipolipokea ulipitisha kidole kwenye tundu mbele ya wageni, kisha ukaweka jicho, ukaniuliza, "Mkwe, dirisha hili umeniwekea nimchungulie nani?" Wageni walicheka mpaka pombe ikamwagika. Na mimi nilicheka, lakini sikufurahi.

2. Msimu wa 1994. Nilitambua kwamba ninachohitaji ni risasi inayoingia bila kutoka. (Wanaoingia nchini siku hizi wengi ni wa kuingia na kutoka, tena hutoka na mizigo, sikutaka risasi ya namna hiyo.) Rafiki yangu Chenge, askari wa wanyamapori mstaafu mwenye kabati zima la bunduki na leseni zake, alinisifia 243. "Ndogo, ina mbio, haina fujo," alisema. Ni kweli, iliingia na haikutoka. Bahati mbaya tohe niliyempiga hakuarifiwa kwamba amekufa. Alikimbia, akavuka kijito, akaangukia kwenye shamba la mtama la Mzee Maige, jirani yako, na huko kwenu mnyama akiangukia shamba la mtu, mwenye shamba huchagua kwanza. Maige alichagua bega la kulia bila kufikiri mara mbili, kwa sababu anakufahamu. Nikakuletea la kushoto. Ulilirudisha pamoja na ujumbe kwamba nyumba yako haijawahi kula kwa kushoto.

3. Msimu wa 1995. Nikaamua mnyama asipate nafasi ya kwenda kumsalimia Maige. Nikachukua 375, ambayo Chenge alikuwa ameiweka kwa ajili ya nyati. Swala alianguka palepale. Nadhani alianguka kwa heshima, kabla ya kuguswa. Nilipomfikia, bega la kulia lilikuwepo kwa maana ya jumla. Nililikusanya kwenye beseni nikalileta. Ulitazama beseni, ukamwita mama mkwe: "Mama Evelina, leta kijiko, mkwe katuletea uji!" Sikujibu, kwanza kwa adabu, pili kwa sababu teke la bunduki ile lilikuwa limenitegua bega, na mkono wangu ulikuwa umening'inizwa kwa kanga ya Evelina. Baba, siku ile nyumbani kwako kulikuwa na mabega mawili ya kulia yaliyoharibika. Uliulizia la swala.

4. Katika miaka hiyo yote mwanyumba wangu Okwach, aliyemwoa Wilhelmina, mdogo wake Evelina, amekuwa akikuletea sangara. Unampokea kwa vigelegele na kusema, "Huyu ndiye mkwe, analeta kitu kizima!" Nami nakubali ni kizima. Sangara hapigwi risasi. Hana bega la kulia wala la kushoto, wala sijamwona mtu akipitisha kidole kwenye matundu ya nyavu za Okwach. Naye bila aibu hunipigapiga mgongoni na kusema, "Mwanyumba, hizo nambari zitakuua. Wewe nunua nyavu, swala umvue tu." Naomba ieleweke kwamba wakwe wawili wanafanya mtihani mmoja, lakini mmoja amepewa maswali ya darasa la kwanza.

5. Msimu wa 1996, ambao ndio kiini cha barua hii. Nilisoma vitabu, niliuliza wazee, nikaenda dukani. Muuzaji aliniwekea 30-06 mkononi akasema, "Hii ni kama wali, mzee. Haikatai mboga." Hata Chenge, ambaye hakubaliani na mtu kuhusu jambo lolote tangu astaafu, alikiri kwamba kwa mtu mwenye bunduki moja na wanyama wengi, hiyo ndiyo ya kazi zote. Zaidi ya hapo niliamua kulenga shingo, ili bega lisihusishwe kabisa. Matokeo yake ni bega zima, halina hata mkwaruzo, ambalo nililituma kwa mkono wa Evelina mwenyewe likiwa limechunwa tayari. Nawe ukaligeuza mara mbili, ukalinusa, ukasema mbele ya ukoo mzima, "Bega lisilo na tundu nitajuaje halikutoka buchani?" Baba! Mwaka wa kwanza tundu lilikuwa kosa. Mwaka wa nne kukosa tundu ndilo kosa. Nimeumia kiasi kwamba sitaongeza neno juu ya namba tano.

Kutokana na hayo, naomba uchague mojawapo kati ya yafuatayo. La kwanza, uteue risasi moja wewe mwenyewe, kwa maandishi, kwa sahihi au kwa dole gumba, nami nitaitumia mpaka mwisho wa maisha yangu au ya swala wote wa Magu, utakaotangulia. Ukishindwa kuteua risasi, basi uteue tundu: upana, kina, na mahali linapotakiwa kuwa, nami nitakwenda porini na rula. Vinginevyo, uje mwenyewe. Nitakubebea kigoda, nikukalishe kwenye kivuli, uone risasi ikiingia na uthibitishe kwamba haikutoka.

Na kama hayo yote ni mazito, nipe msimu mmoja nimkamate swala akiwa hai. Nitamleta kwa miguu yake mpaka mlangoni kwako. Utamkagua mabega yote mawili mbele ya mashahidi, utatia sahihi kwamba umeyakuta mazima, kisha tutakaa kama wanafamilia tukubaliane nani amuue, na kwa kosa gani.

Nimefikiria pia kuishauri serikali. Kwa kuwa iliruhusu risasi za kila namna kuingia bila kuwauliza wakwe, ni haki itangaze risasi rasmi ya ukweni, moja kwa nchi nzima, ili mwananchi wa kawaida aweze kuwinda na kuoa kwa wakati mmoja.

Lakini wakati serikali ikitafakari, umruhusu Evelina arudi. Mke hawekwi rehani kwa ajili ya kiungo cha mnyama. Nyumba imekuwa na mwangwi. Juzi nimejikuta nikitengeneza mzani ambao haujaharibika, ili tu nisikie kitu kikigonga.

Umsalimie sana mama mkwe na umwambie mguu wake nauombea. Umsalimie Wilhelmina, na Okwach pia, kwa kiasi. Umsalimie Mzee Maige, nimemsamehe. Uwasalimie wote waliocheka mwaka ule wa dirisha. Nawakumbuka kwa majina.

Ni mimi mkweo mtiifu, mwenye bega linalouma kila mvua ikikaribia,

Elias Mayala

Nakala:
Afisa Wanyamapori wa Wilaya, kwa hatua
Mwenyekiti wa Kijiji, kwa usuluhishi
Katekista, kwa maombi
Chenge, kwa taarifa tu, na asianze kubishana

N.B. Evelina, najua hapo nyumbani barua husomwa na wewe. Ukifika hapa simama kidogo, mwambie baba koo limekukauka. Mistari hii ni yako.

Basi la Mwanza linapita Magu kila asubuhi, na baba yako hajamfungia mtu mlango. Okwach kanieleza jana kwamba mzee mwenyewe ameanza kuuliza utaondoka lini, maana unamtilia chumvi kidogo mno kwenye mboga. Kwa hiyo anayekuzuia si yeye.

Siku ile stendi, ukiwa umeshakaa dirishani na kiroba magotini, uliniuliza mara moja tu: "Elias, hili ni la swala kweli?" Nami nikakueleza tofauti ya 30-06 na 270, uzito wa risasi, mwendo wake na jinsi inavyoinama ikifika mbali, mpaka basi likaondoka. Nawe ukaenda ukasimama mbele ya ukoo wako ukaapa kwa niaba yangu.

Nilipiga mara tatu. Mara zote tatu swala aliinua kichwa, akanitazama, akaendelea kula. Baada ya hapo nilikwenda Buhongwa. Na kwa yote niliyosoma na kuuliza katika miaka minne, kwa bega zima lisilo na mkwaruzo, sijaona risasi inayokishinda kisu cha mchinjaji wa huko.

Msomee baba haya au usimsomee, uamuzi ni wako. Kesho kutwa, basi la asubuhi likiingia, nitakuwa stendi, na kesho yake, na siku inayofuata. Wewe hukuniuliza habari za risasi, Evelina. Uliuliza kama ni la swala.

Hapana. Ni la mbuzi.