Mutani Ameniharibia Sanduku ya Mama

Bandugu, haya yenye nilipata leo haina dawa. Na ilinipata ku kilio ya mama yangu mwenyewe, mbele ya Madame, mbele ya karani, mbele ya kampi muzima. Mukae chini.

Mama alikufa asubuhi, kwangu, mu kampi. Munamujua: ule mama mufupi, mwenye kukohoa kwanza kisha kutukana. Alikuwa na ombi moja tu. Aliniambia mara mingi asizikwe mu mukeka. "Nilifika hapa Elisabethville na mukeka ku kichwa, na nimelala mu mukeka miaka yote. Siku ya mwisho unitie mu sanduku, mutoto yangu." Nilimuapia. (Muntu wa kuyeyusha shaba, mushahara yake inakufa mbele ya mwezi kufa, naye anaapa sanduku. Mupumbafu.)

Sasa, Kampuni munaijua. Bibi yako akifa, ao mutoto, inatoa mbao, misumari, bulangeti, unga ya kilio, na kamyo ya kufika ku makaburi. Ile banaita "secours". Lakini mama haiko bibi, haiko mutoto. Kampuni haikumuleta, haimujue. Nilienda ku buro ya mukubwa wa kampi, kofia mu mikono. Alinisikia. Alikuna kichwa. Alisema mbao zinaweza kutoka, lakini kwanza Madame wa masaidio apite kuona na macho yake kama ku nyumba yangu kuko taabu ya kweli.

Taabu! Nilifurahi. Taabu nilikuwa nayo ya kutosha, hata ya kuazimisha bengine.

Nilirudi mbio. Bernadette, bibi yangu, alificha hata sufuria yenye haina tundu. Batoto alibavalisha nguo za kupasuka (hakutafuta sana). Nyumba ilianza kuwa mubaya vizuri kabisa. Kisha majirani bakafika. Na jirani hafike ku kilio mikono mitupu, munajua. Balileta viti. Balileta unga. Balileta kuku, na kuku zikalia mu kona kushinda bafiwa. Balileta munkoyo ya kunywa mu ndoo kubwa, baridi, inanukia mahindi na mizizi yake. Nibaambie barudishe? Nani anarudisha chakula ya kilio? Nilipokea, na nyumba ya taabu ikajaa mpaka ku dirisha.

Njo pale Mulenga alifika.

Mulenga anafanya kazi na miye ku tanuru. Iko muntu wa ukoo wa Chui. Miye na mama, tuko ba Mbuzi. Chui na Mbuzi beko batani tangu bankambo, babu za babu zetu. Muntu wa Mbuzi akifa, Chui njo anakuja kumutukana, kuvaa nguo yake, kumuigiza, kusema bongo, mambo ya uongo, juu ya bafiwa, ili kilio isitushinde nguvu. Na mwenye kufiwa hana ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, umemufukuza marehemu bila heshima. Vile bankambo baliacha, vile tunafanya.

Mulenga alivaa liputa ya mama, kitenge yake ya kila siku. Alifunga kitambaa yake ku kichwa, ndevu zikabaki inje. Alipanda ku kitanda yangu na alikohoa. Ile kikohozi! Bernadette aligeuka kuangalia kama mama ameamuka.

Na saa ile ile Madame aliingia.

Alikuja na karani wa buro, muntu wa mbali, kwao utani ya kilio haiko. Madame iko kijana, kiatu yake haijajua vumbi ya kampi. Aliangalia kuku. Aliangalia munkoyo. Aliangalia mwanaume mwenye ndevu mu liputa. Nilimukonyeza Mulenga anyamaze. Nani? Mutani hanyamaze sababu ya muzungu. Alipandisha sauti.

"Huyu mutoto yangu alininyima nyama mpaka nikafa! Franga zake zinalala mu ukuta, miye nalala chini!"

Karani akageuza yote mu Kifaransa, neno ku neno. (Siku tukilia mishahara, nusu ya maneno anasahau. Leo hakupoteza hata moja.) Madame alikuwa mwekundu mpaka ku masikio. Alisema kitu, na karani akanigeukia, uso kavu:

"Madame anauliza kama ni kweli ulimunyima mama yako chakula."

Fikirini, bandugu. Nikisema hapana, nimekatala utani, nimemufukuza mama yangu. Nikisema ndiyo, mbao zimeenda. Nilifungua kinywa kwa kueleza. Nilitafuta Kifaransa yote yenye bapadri balinifundisha, na yenye ilikuja ilikuwa ya kuungama dhambi tu. Pale pale Mulenga alivuta liputa ku bega, kama vile mama alikuwa anavuta akitaka kunitukana, na akasema polepole:

"Angalieni. Hata kudanganya hajue. Nilizaa bure."

Maneno ya mama kabisa. Aliniambia vile mara ngapi!

Nilicheka. Tangu asubuhi sikulia hata kidogo, nilikuwa kavu kama jiwe, na sasa nilicheka mpaka nilianguka juu ya mufuko ya unga. Machozi yalitoka, na sijui yalikuwa ya nini. Kilio yote ikacheka na miye. Mama iko pale ku kitanda ya pili, amefunikwa, na mutoto yake anacheka mbele ya Madame mwenye kuja kumusaidia.

Madame alitoka bila kuaga. Karani alibaki nyuma kidogo kwa kutupa jibu:

"Secours iko ya bantu benye huzuni. Hapa Madame ameona karamu."

Nilibafuata mpaka ku buro. Mukubwa wa kampi alinifungia mulango. Nilisimama inje mu jua, na njo pale kilio yenyewe ilinishika. Nililia kama mutoto, peke yangu, fasi hakuna hata muntu mumoja wa kuniandikia kama niko na huzuni.

Nikirudi, Bernadette alikuwa amekwisha kukunjua mukeka. Hakuniangalia. Bantu balimueleza Mulenga kitu yenye alifanya, kama maneno yake njo yalifukuza mbao. Alivua liputa, aliikunja vizuri, aliiweka ku miguu ya mama, na alitoka. Nilisema: huyu amekimbia haya yake, ameniachia yangu.

Hakukimbia. Alirudi na mulango ya nyumba yake ku kichwa, vyuma bado vinaning'inia.

"Mbuzi hata sanduku hana," alisema. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, lakini utani ni utani. "Leta na yako, haraka."

Tuling'oa na yangu. Jirani yetu fundi wa mbao alikata, alipiga misumari, na mbele ya jua kushuka mama alikuwa na sanduku. Rangi ya majani, kama milango yote ya Kampuni. Hakuna kamyo, tulimubeba ku mabega. Namba ya nyumba ya Mulenga ilibaki juu ya kifuniko, rangi nyeupe, kubwa. Hatukupata wakati ya kufuta. Padri aliisoma, alituangalia, kisha aliendelea kubariki.

Basi, secours ya Kampuni tulipata, ni Kampuni tu haijue. Na mama iko na namba sasa, kama mutumishi yeyote. Kesho Madame akipita akaona nyumba mbili hazina mulango, tafazali, bandugu, musicheke. Museme kuko joto.