Ugonjwa wa Silinda ya Pili

Jumatatu, 9 Juni

Gari limeanza kutetemeka. Tena mbele ya mteja.

Niandike vizuri, maana siku moja wanangu watasoma shajara hii wajue baba yao alianzia wapi. Mie, Audax, ndiye mwanzilishi, mkurugenzi na mwalimu pekee wa Chuo cha Udereva cha Tulia Uendeshe, hapa Mwananyamala. Gari ni moja, dogo, rangi ya maziwa. Ofisi ni kiti cha plastiki mbele ya banda la cherehani la mke wangu, Vaileth.

Mteja ni Mama Genoveva, mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa mtaa huu wamepitia mikononi mwake. Marehemu mumewe alimwachia gari, na tangu msiba limekaa uani chini ya turubai. Watoto wake wanataka kuliuza, wanasema mama mzee hawezi kujifunza. Amewaambia wasubiri: Jumatatu ijayo anafanya mtihani wa udereva. Akifaulu, gari linabaki. Akifeli, anayelitaka aje alichukue.

Akina mama wa jumuiya yake nao wanasubiri. Mwenzao akifaulu, na wao wanataka kujifunza. Swali ni kwa nani. Kwangu, au ng'ambo ya barabara kwa Gaudens, mwenye chuo chake, magari mawili na tai.

Leo tumesimama kwenye foleni, gari likaanza kutetemeka kama mtu mwenye malaria. Mama akauliza gari lina nini. Nikamwambia gari la mafunzo huwekwa hivyo makusudi, ili mwanafunzi azoee shida. Akanitazama kama alivyokuwa akimtazama mwanamume anayesema mke wake hajafikia siku za kujifungua.

Wakati tunarudi, Gaudens akapaza sauti kutoka kibarazani kwake, sauti ya mtu mwema: "Braza, gari yako inamisi, injini inarukaruka."

Nikamjibu kuwa yanayomisi ni masikio yake. Vaileth anasema sauti yangu ilifika hadi sokoni. Sawa. Ilikuwa na haki ya kufika.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata suluhisho. Machinga mmoja anauza dawa ya kusafisha injini, unaimimina kwenye tangi la mafuta. Nikaimimina yote. Gari likatetemeka vilevile, ila sasa linanukia.

Basi nikanunua plagi mpya nne, nikazifunga mwenyewe. Nikawasha. Kutetemeka kulekule. Plagi zilizotoka ziko kwenye kopo, na sikuona ubaya wowote kwazo.

Kero kubwa ni ile taa ya njano ya injini kwenye dashibodi. Inawakawaka. Inamvuruga mwanafunzi. Nikachukua kipande cha kitenge kutoka bandani kwa Vaileth, nikakibandika juu yake. Kazi safi.

Mama Genoveva ameingia, amefunga mkanda, amerekebisha kioo, kisha akabandua kitenge na kunirudishia mkononi. Akasema kazini kwao taa ya mgonjwa ikiwaka walikuwa hawaifuniki.

Kipindi chote nimekaa na kitenge mfukoni.

Jumatano, 11 Juni

Siku kubwa. Nimenunua kidude cha kupimia. Kidogo kama kiberiti, unakichomeka chini ya usukani, kinaongea na simu. Nikabonyeza. Simu ikaandika: misi, silinda ya pili.

Nilisimama nikamwita Vaileth aje aone. Akaja na futi shingoni, akasoma, akauliza sasa dawa ni nini. Wanawake hawana subira na sayansi.

Nikafungua video ya kijana mmoja anayefundisha ufundi. Anaeleza kuwa injini hii ina silinda nne, na kila silinda ina koili yake, kidubwana cheusi kinachokaa juu ya plagi na kuipa moto. Moto ukikosekana, silinda hiyo hailipuki, inabaki inabebwa na wenzake, ndiyo maana gari linatetemeka na kukosa nguvu. Akasema: chukua koili ya silinda mbovu, ibadilishe na ya silinda nyingine, kisha pima tena, na hapo ndipo utajua kwamba—

Bando likakata.

Haidhuru. Mie si mtu wa kusubiri kutafuniwa. Nikabadilisha koili ya pili na ya tatu. Nikapima.

Misi, silinda ya tatu.

Nimekaa nikilitafakari hili mpaka chai ikapoa. Silinda ya pili imepona kabisa. Ya tatu, iliyokuwa nzima asubuhi, imeugua. Jibu ni moja tu. Ugonjwa unaambukiza.

Alhamisi, 12 Juni

Hali ni mbaya. Asubuhi nimeitoa ile koili silinda ya tatu nikaipeleka ya nne, kuona kama nitaukatisha ugonjwa njiani. Ya tatu ikapona. Ya nne ikaugua. Mchana nikaipeleka ya kwanza. Ya nne ikapona. Ya kwanza ikaugua.

Silinda zote nne zimepitiwa. Hakuna iliyosalimika.

Vaileth akasema nimpelekee fundi gari. Nikamwambia mkurugenzi wa chuo akionekana gereji, wateja watasema chuo kimekufa. Akasema wateja wana masikio. Nikamuuliza yuko upande wa nani. Akakanyaga cherehani yake kwa nguvu.

Kipindi cha jioni, kwenye kale kamwinuko ka kutokea barabara kubwa, gari likaishiwa nguvu katikati. Mama akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Likanguruma, likapiga chafya, likapanda kwa mwendo wa maiti anayesindikizwa. Bodaboda iliyobeba magodoro ikatupita. Magodoro yenyewe yalikuwa yamefungwa vibaya.

Tulipofika juu Mama akasimamisha gari pembeni, kwa ustadi kabisa, taa ya kuashiria na kila kitu. Akabaki ameshika usukani. Akasema mume wake aliahidi kumfundisha kila mwaka, na kila mwaka walikuwa na sababu. Akasema haogopi kufeli. Anaogopa kulisikia lile gari likiwashwa na mtu mwingine na kutoka getini.

Nimekula chakula kidogo leo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemwambia. Sijui ilinitokaje. Alipofika nikamwamkia, shikamoo Mama, kisha badala ya kumfungulia mlango nikasema gari linaumwa, tena ugonjwa wa kuambukiza, umepita silinda zote.

Hakucheka. Akakaa kwenye kiti changu cha ofisi.

"Nieleze tangu mwanzo," akasema. "Umefanya nini, kikatokea nini. Usirukeruke."

Nikamweleza. Ya pili, ya tatu, ya nne, ya kwanza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, chukulia una wodi ya vitanda vinne. Homa ipo kitanda cha pili. Ukamhamisha mgonjwa, ukamlaza cha tatu. Homa ikaenda wapi?"

"Cha tatu."

"Ukamhamishia cha nne?"

"Ikaenda cha nne."

"Sasa mwenye homa ni nani? Mgonjwa au kitanda?"

"Mgonjwa, Mama."

"Na kama homa ingebaki kitanda cha pili, hata baada ya kumtoa yule mgonjwa?"

"Basi ningekikagua kitanda."

"Haya. Na wewe siku zote hizi ulikuwa unahamisha nini?"

Vaileth alikuwa ameacha kushona. Nikatazama injini. Kumbe nilishapima vizuri kabisa, tena mara tatu, nikakosa tu mtu wa kunisomea majibu. Silinda hazina tatizo. Mgonjwa ni ile koili, nami nimeizungusha wodi nzima.

Nikamwambia Mama nilikuwa najua, nilitaka kuona kama atagundua. Akasema ni vizuri mwalimu anayepima wanafunzi wake.

Tatizo ni kwamba hela ya koili imeshaliwa na dawa, plagi na kidude, na Vaileth amelifunga sanduku la hela la banda. Lakini akili haifungwi. Gari moja la Gaudens ni la aina ileile kama langu. Koili zilezile. Na kila Jumamosi asubuhi huoshwa, boneti juu, Gaudens akiwa kwenye mgahawa wa pembeni anakunywa supu.

Mpango: nabadilishana naye moja. Si wizi. Mwizi huchukua asiache kitu. Mie naacha koili.

Jumamosi, 14 Juni

Nilifika pale wanapooshea magari na spana namba kumi mfukoni, koili mbovu nimeificha ndani ya kofia niliyoshika mkononi. Boneti juu, kama nilivyotabiri. Waoshaji walikuwa wanapiga povu gari lingine. Nikainama kama mtu anayetazama tu. Nikaishika koili ya kwanza.

"Audax."

Gaudens, na bakuli la supu mkononi.

Hatujaongea vizuri tangu bango langu lilipoziba bango lake. Zamani tulifundisha chuo kimoja, tuligawana hata chapati. Nikatafuta uongo, sikupata hata mmoja, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

"Umekuja kuniangalizia injini?" akauliza.

"Naangalia."

"Nilimwambia mke wangu, Audax ana mdomo lakini si mtu mbaya. Siku moja atakuja mwenyewe." Akaona kilichomo kwenye kofia. "Hiyo ndiyo iliyokufa?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa si ungesema tangu Jumatatu?"

Akaweka supu juu ya tairi, akafungua buti, akapekua, akatoa koili iliyofungwa kwenye gazeti. Akasema ni ya akiba na hana haraka nayo. Nikamwambia nitairudisha. Akasema yule mama ndiye aliyempokea mtoto wake wa kwanza, siku ambayo yeye Gaudens alizimia mlangoni, na Mama hakumsimulia mtu hata leo. Hataki afeli kwa sababu ya kitu kidogo hivi.

Nikasema asante. Halikuwa neno rahisi. Akaniagizia supu, nikala. Njiani nilihisi wepesi fulani, kisha uchungu kidogo, maana mpango ulikuwa mzuri na haukutumika.

Nimefunga koili. Gari limetulia mpaka nikadhani limezimika.

Jumatatu, 16 Juni

Sikufikiria jambo moja. Mama Genoveva alikuwa Boko kwa binti yake tangu Jumamosi, hajaliendesha gari tangu lipone. Wiki nzima amelizoea likitetemeka.

Uwanja wa mtihani. Afande wa trafiki akaingia na karatasi zake, akamwambia awashe. Mama akawasha. Injini ikaitika, laini, hata majani hayakutikisika. Mama akasubiri mtetemo. Haukuja. Akapiga stata tena, juu ya injini inayowaka. Ikalia krrrr, watu wakageuka. Akangoja. Akapiga tena. Krrrr.

Afande akauliza kama amewahi kuendesha gari. Mie nilikuwa namtazama kunguru juu ya ukuta.

"Afande, naomba radhi," Mama akasema. "Gari hili nimelizoea likiwa linaumwa. Leo limepona, nami sijalizoea likiwa zima."

Afande akanitazama kupitia dirishani. Kisha akamwambia, haya Mama, twende.

Akaenda. Akarudi nyuma katikati ya vigingi asiguse hata kimoja. Akaegesha. Akasimama kwenye kamwinuko ka uwanjani, akaondoka bila gari kurudi nyuma hata inchi, kwa mguu uliozoea gari lisilo na nguvu. Aliporudi, Afande alikuwa anamwuliza habari za dawa ya mgongo.

Amefaulu.

Tulimsindikiza nyumbani, mie, Vaileth na Gaudens. Alivuta turubai mwenyewe, vumbi likamjaa kwenye nywele. Fundi wa jirani alikuwa ameshaweka betri. Mama akakaa kwenye kiti cha mume wake, akakisogeza mbele, maana marehemu alikuwa na miguu mirefu, akawasha mara moja tu. Mwanawe mkubwa, aliyeleta habari za mnunuzi, ndiye aliyefungua geti. Alifuta macho kwa mkono wa shati, akasema ni vumbi.

Akina mama wa jumuiya wanaanza wiki hii. Mama amewagawa mwenyewe: nusu kwangu, nusu kwa Gaudens. Hakuna aliyethubutu kubisha. Bango langu nimelishusha kidogo, la Gaudens sasa linaonekana upande mmoja.

Jumatano, 18 Juni

Neema imerudi kwa mlango wa mbele. Gari la Gaudens limeanza kutetemeka. Nimevuka barabara mbio na kidude changu. Wema haulipwi kwa maneno, na isitoshe nimeshafikiria bango jipya: Daktari Bingwa wa Misi.

Nimepima. Silinda ya kwanza. Gaudens na wanafunzi wake wamesimama wakinitazama. Nikachomoa koili ya kwanza, nikaibadilisha na ya tatu. Nikapima tena.

Misi imebaki silinda ya kwanza.

Nikatikisa kichwa taratibu, kama wanavyofanya madaktari. Nimemwambia Gaudens asiwe na wasiwasi, ugonjwa huu naujua kuliko mtu yeyote Mwananyamala: ni koili. Kesho tunanunua nne mpya, tunabadilisha zote.

Mama Genoveva alikuwa anapita na gari lake. Akapunguza mwendo, akashusha kioo, akasema jambo fulani kuhusu kukagua kitanda. Sikumsikia vizuri. Injini ya Gaudens ilikuwa inatetemeka sana.