Damu ya Kasuku

Jumatatu, 4 Machi
Niwie radhi, shajara, kwa ukimya wa miezi minne. Kasuku alitafuna kalamu, nami nikasusa. Leo binti yangu kanishtua. Mjukuu wangu wa kwanza, mwenye umri wa mwezi mmoja, haingii humu mpaka kasuku apimwe damu. Eti ndege hawa huambukiza ugonjwa wa mapafu. Daktari wa wanyama ni shemeji yangu. Sitampa nafasi ya kutamba.

Jumanne, 5 Machi
Nafasi ameipata. Akaagiza kasuku aviringishwe taulo, kichwa kishikwe, kifua kisibanwe, maana ndege hupumua kwa kukitanua. Damu itoke shingoni, isifike hata robo ya kijiko cha chai. Nikamwambia nimeongoza shule miaka thelathini, nitashindwa na ndege? Kasuku aling'ata kidole changu gumba, akarukia pazia, akihema. Shemeji akasema ndege anayehema hachomwi sindano, tungoje Ijumaa. Akaondoka, akasahau kichupa cha kuwekea damu mezani. Kidole kilikuwa kikichuruzika. Nikakitazama kichupa.

Jumatano, 6 Machi
Nimekipeleka maabara, nimekiandika “Kasuku”. Majibu ya kwanza: sukari ni ya kawaida kabisa kwa kasuku. Binti kafurahi mno. Mengine kesho.

Alhamisi, 7 Machi
Sijapata kufadhaika hivi. Shemeji aliingia bila hodi, majibu ya maabara mkononi. Akasema chembe nyekundu za ndege zina kiini, hizi hazina. Ama kasuku wangu ananyonyesha, ama nimwoneshe kidole. Nikakificha mfukoni. Hapo akaacha kucheka. Akasema sukari ile kwa kasuku ni afya, kwa binadamu ni kitanda cha hospitali. Nikakaa. Kiti hakikuwapo.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji kaja na muuguzi wake, mama mwenye mikono mipole. Dakika mbili tu, damu imetoka, ndege hakulalamika. Jioni majibu: kasuku hana ugonjwa wowote. Binti akasema kasuku kafaulu, sasa ni zamu yako, Baba. Mjukuu ataletwa nikionesha majibu ya hospitali. Nipimwe Jumatatu.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kasahau kichupa tena. Damu ya kasuku iliyobaki imo jokofuni, nyuma ya maziwa. Damu safi, imethibitishwa na wataalamu. Nitawaambia hospitalini kwamba nimejitoa mwenyewe nyumbani ili kuwapunguzia foleni. Sijaamua tu kama niipeleke yote, au nibakize kidogo wakitaka kurudia kipimo. Nikishakata shauri, nitaandika.