Basi Limeganda Mombo

Asubuhi ile kwa Resiato, muuza kahawa wetu wa Kwa Mrombo hapa Arusha, Giga aliingia na simu juu kama refa mwenye kadi nyekundu. Giga ni Efraimu, fundi simu.

"Shikamooni wazee! Toleo jipya la gemu ya mabasi limetoka. Lina mvua, lina matuta, lina hata trafiki anayekagua leseni. Ila linataka kompyuta yenye memori ya giga kumi na sita."

Sote tukamgeukia Suka. Huyu ni mzee Ndesanjo, dereva mstaafu, miaka ishirini na saba Arusha–Dar. Macho yalipomnyima leseni akanunua kompyuta ya magemu. Mkewe akaifukuza kwa sababu ya kelele za feni, ikahamia hapa kijiweni. Tangu hapo yeye hushika usukani wa plastiki, sisi tunakaa benchi la nyuma: abiria. Mimi ni wa dirishani.

Jumanne tuliondoka salama. Moshi tukapita, Same tukapita, kufika Mombo skrini ikaganda, mbuzi katikati ya barabara. Sasa ilikuwa Ijumaa, na mbuzi yuko palepale.

"Yako ina giga ngapi?" akauliza Spea, yaani Jasdeep, mwenye duka la vipuri vya magari.

"Nne," Suka akajibu kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Si uongeze tu! Land Rover ya baba yangu tumebadilisha injini, giaboksi, bodi na chesisi, na bado ni ileile ya mwaka sitini na nane."

"Mzee Spea, hapo ileile ni honi tu," Giga akadakia. "Hii mashine ina miaka kumi na mbili. Ongeza memori, kadi ya picha inazimia. Badili kadi, umeme hautoshi. Tupa hiyo, mzee, chukua nyingine."

"Weee, isitupwe!" Resiato akapaza sauti. "Birika langu nitaliweka wapi?"

Ni kweli. Ile mashine ilichemka kiasi kwamba Resiato hajanunua mkaa tangu Mei. Na feni yake ikivuma, watalii kule Mlima Meru hupanda miti wakidhani nyati wameamka.

Suka akapiga meza, vikombe vikaruka. "Hamnielewi! Miaka ishirini na saba sijawahi kulaza abiria njiani. Nikichukua mpya, hawa walioko Mombo namwachia nani?"

"Abiria gani tena, baba?" Resiato akauliza.

"Si hawa!" Akatunyooshea kidole. Tukainamisha vichwa. Tangu Jumanne hakuna aliyetushusha.

Giga akajikuna kisogo. "Mzee wangu, zamani gari likikufia njiani ulifanyaje?"

Suka akamtazama yule mbuzi kwenye skrini. Halafu uso ukamnawiri. "Nafaulisha! Naita basi lingine, nahamishia humo abiria wote."

Saa sita Giga akarudi na kompyuta kutoka ofisi moja ya Njiro iliyokuwa inauza vifaa vyake. Akabeba safari yetu kwenye flashi, akaiwasha mashine hiyo upande wa pili wa kibanda, mbele ya benchi jingine. Mbuzi akatingisha mkia, akavuka.

Suka akavaa kofia. "Abiria wote shukeni na mizigo yenu! Tunafaulisha!"

Nilimsikia nikiwa nyuma ya uzio, nachimba dawa. Nikakimbia huku nafunga mkanda wa suruali. Nikamkuta Lemayian, muuza ugoro, kakalia kiti changu cha dirishani, na basi liko Segera.

"Suka, mimi hapa!"

Hakugeuza hata shingo. "Spea, mwambie huyo mzee gari hili halipakii njiani."

Spea, niliyesoma naye darasa la kwanza, akanitazama kama hanijui. "Mzee, halipakii njiani."

Nikarudi benchi la zamani peke yangu, mbele ya skrini nyeusi, nikampigia mke wangu.

"Mama Anande, leo nitachelewa. Nimeachwa Mombo."

"Mombo? Basi ukipata usafiri niletee karoti za Lushoto, si ndiyo njia panda hapo!"

Nikavuka barabara hadi sokoni, nikanunua fungu la karoti, nikakaa nalo mpaka saa kumi na mbili. Nikaingia nyumbani nimeshika kiuno.

"Pole na safari," akaniambia, akanipokea mfuko. Akaosha karoti moja, akaitafuna taratibu.

"Unaona? Zile za hapa Kwa Mrombo hazina utamu huu."