Mkanda wa Feni wa Marehemu Baba

Jumatatu, 11 Julai 1994. Mbinga.

Mimi nina bahati, jamani. Si ya kutafuta, ni ya kuzaliwa nayo. Tulikuwa watoto sita, na baba alipokaribia kukata roho akaniita mimi, Ignatio, akanitia kiganjani ufunguo wa Pijo 404. Wengine wakabaki wanatazamana. Gari la mwaka sitini na saba! Baba alilinunua kwa padre aliyekuwa anarudi kwao, na mpaka leo likipita mjini wazee wanavua kofia.

Leo asubuhi limelia. Si honi. Ni mkanda wa feni, kelele kama nguruwe anayeburutwa. Nimefungua boneti nikaona umepasuka-pasuka kama kisigino cha mkulima, na maandishi ya saizi yamefutika yote. Ukikatika huo, feni haizunguki, pampu ya maji haizunguki, injini inachemka kama chungu cha maharage.

Na Jumamosi kuna safari! Mama ana ukungu machoni, kila mwezi unazidi. Anataka nimteremshe Mbamba Bay, tupite ile kona ya mteremkoni ambapo Ziwa Nyasa linaonekana mara ya kwanza. Aliangalie angali anaona. Mwaka sitini na nane baba alimsimamishia Pijo palepale, ndoa ina siku tatu, wakala mihogo ya kuchoma. Hataki gari jingine. Anataka kiti chake kilekile.

Dada Hildegardi kasema Pijo lisipopona kufika Ijumaa, Mama atapanda pikapu ya Ambokile. Huyu Ambokile ni bwana kilimo, mtu wa Tukuyu, ana pikapu mpya ya Kijapani na macho yasiyobanduka kwa dada yangu. Juzi aliniuliza kama kwenye Pijo nafuga kuku. Nikacheka. Moyoni sikucheka.

Jumanne, 12 Julai.

Dukani kwa Abdulazizi. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho kwenye bao. Zama hizi za ruksa, bidhaa tele, ukutani pake ananing'iniza mikanda kama mjomba wangu anavyoning'iniza nyoka aliowaua: minene, myembamba, yenye meno, isiyo na meno.

Nikakumbuka mwaka themanini na tatu. Mkanda mmoja wa akiba! Baba aliufuata mpaka Songea na barua ya tawi la chama, akarudi baada ya siku tisa. Majirani walikuja kuuona kama wanavyokuja kuona mtoto mchanga. Akaupaka poda, akaufunga kitambaani, akauficha. Alipofariki niliutafuta darini, nikaingia mpaka kwenye kihenge. Haukuonekana.

Abdulazizi akaniambia nilete mkanda wa zamani apime. Nipite sokoni nimeushika mkononi, Ambokile anione? Thubutu! Nilikuwa nimeshaupima kwa kamba ya gunia la kahawa. Mimi nimefika Dar mara mbili na Nkhata Bay ya Malawi mara moja na nusu (ile nusu walinirudishia bandarini). Kupima nitashindwa?

Akacheka mpaka kofia ikasogea. Eti bwana mdogo, huu si kiuno cha bibi harusi. Wa zamani umeshavutika, lazima upunguze, kisha utazame upana wa mfereji wa puli, lile gurudumu linaloshika mkanda. Akanishushia mmoja mweusi, wa kimya, hauna hata picha. Pembeni nikaona mwingine una maandishi mekundu na chui ameachama. Nikachukua chui. Abdulazizi akauliza kama naununua au naupeleka kwa padre tukafunge ndoa.

Jumatano, 13 Julai.

Chui ni mrefu.

Nimeisukuma altaneta, ile inayokaza mkanda, mpaka mwisho wa nafasi yake, bado mkanda unalegea kama suruali ya kuazima. Unalia kuliko wa kwanza. Nikapata akili: sabuni ya mche! Nikaupaka pande zote. Kimya! Nikapita mbele ya ofisi ya kilimo mkono mmoja dirishani, namtazama Ambokile kama mtu anayetazama hali ya hewa.

Kufika kanisani moshi umeshatanda. Mkanda uliacha kulia kwa sababu uliacha kuzungusha chochote. Ambokile akaja na kamba, akasema kwa upole kabisa kwamba anivute. Upole wake ndio unaniudhi. Nikamwambia nimesimama kusali. Nikasali nusu saa, kisha nikasukuma mwenyewe.

Alhamisi, 14 Julai.

Mpango mpya. Hildegardi ana mashine ya kusaga mahindi jirani na kwangu. Mkanda wake imara, wa kazi. Alipokwenda mazoezi ya kwaya nikaufungua, nikasema moyoni ni mali ya familia.

Mpana mno! Umekaa juu ya puli kama mtu mnene kwenye kigoda cha mtoto. Kuwasha tu, ukaruka, ukanaswa na feni, ukatoka vipande viwili.

Narudi mashineni nakuta akina mama kumi na moja na madebe ya mahindi. Mama Tunu, yule mwenye mgahawa, akaniuliza kama nimekuja kuwasagia kwa meno. Mwingine akasema meno yenyewe yana mapengo, unga utatoka chenga. Nikaona haya kweli. Nikafungua ghala langu nikawagawia unga wa nyumbani mpaka nikakung'uta gunia. Wiki hii nitakula ndizi.

Hildegardi hakufoka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Akaokota vipande, akavipeleka mwenyewe kwa Abdulazizi, mzee akapima, akampa mwingine. Jioni mashine inasaga. Akaniuliza tu kama ule ufunguo naendelea kuutunza vizuri. Nikaanza kuongelea mvua.

Jumamosi, 16 Julai. Njiani.

Jana nililifungia Pijo tena mkanda wa zamani, nikamwambia Mama gari limepona. Akanishika shavu. Akasema amefurahi. Mungu wangu.

Tumetoka asubuhi. Mama mbele, kikapu mapajani, amekataa kabisa nikiweke nyuma. Ambokile na Hildegardi wanatufuata na pikapu, eti wanakwenda kula samaki tu. Mteremko ukaanza. Kelele. Mama akasema gari linaimba kama zamani. Kona ya kwanza, ya pili, ya tano. Halafu pa! Mvuke mpaka kwenye kioo.

Mama akauliza kama ndipo tumefika. Nikasema bado kona tatu. Akayafuta macho yake kwa ncha ya kitenge, kama mtu anayefuta taa ili iwake zaidi. Hapo nilitamani ardhi inimeze na boneti yangu.

Ambokile akashuka na kamba. Mama akamwambia ahsante baba, lakini hatavutwa kwenda kuliona ziwa kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Akafungua kikapu. Chini ya ndizi akatoa kitambaa. Nikasikia harufu ya poda kabla sijaona kitu.

Mkanda wa baba!

Nikamuuliza kwa nini wiki nzima amenyamaza. Akasema sikumuuliza, nilimwambia nimeshapima. Kisha akanieleza alivyoambiwa na baba siku ya mwisho: "Ignatio atauchukua ufunguo hata asipopewa. Wewe kaa na mkanda."

Hildegardi akatazama milima. Ambokile akakunja mikono ya shati, akashika spana, tukaufunga pamoja. Ukaingia kwenye mfereji kama mguu kwenye kiatu chake. Simpendi, lakini mikono yake ni ya mtu wa kazi.

Kona ya tatu nikasimama. Maji yote yale, bluu mpaka Malawi. Mama akatazama muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande kutafuta pasipo na ukungu. Akasema, "Bado lipo."

Nikamuuliza kama ni kwa mapenzi baba alisimama hapa. Akacheka mpaka akakohoa. Wapi! Mkanda ulikuwa unateleza, alisubiri injini ipoe. "Lakini ilipoa," akasema, "na hakuondoka."

Jumapili, 17 Julai. Mbamba Bay.

Nimekula mbasa, samaki wa ziwa hili, nimenenepa, akili imefunguka. Asubuhi, Mama akiwa ufukweni na Hildegardi, nimeupima mkanda wa baba ukiwa palepale kwenye injini, kwa uzi wa nailoni wa wavuvi. Uzi unavutika kidogo, si neno. Nitaagiza mikanda dazeni mbili kupitia mabaharia wa Nkhata Bay. Abdulazizi atafunga duka! Ambokile kanikumbusha kwamba Pijo 404 katika wilaya nzima ni hili moja tu. Vizuri! Maana yake sina mshindani.

Nimesoma tena niliyoandika Jumatatu. Ni uongo. Baba hakuniita. Alimwita Hildegardi akampa yeye ufunguo, nami nikautungua msumarini watu wakiwa makaburini.